Somo: Nyaraka za idara zisiondoke na mtu

Wakuu, somo hili limetokana na jambo lililotuuma. Mhadhiri mwenzetu alihama, akaunti yake ikafungwa, na jedwali la alama za kazi za darasani likaenda nayo. Wanafunzi walijaa mlangoni kuulizia alama zao, nasi hatukuwa na la kuwajibu.

Hatua ya 1: Jueni faili ni la nani. Kwenye Google Drive, yaani huduma ya Google ya kuhifadhi faili mtandaoni, faili lililo katika hifadhi ya mtu ni mali yake, hata mkilihariri watu ishirini. Lililo katika hifadhi ya pamoja (Shared drive) ni la taasisi; mtu akiondoka, linabaki. Hifadhi hiyo inapatikana kwa akaunti za chuo, si za binafsi. Msipoiona, mwoneni mtu wa TEHAMA. Msivuke hatua hii.

Hatua ya 2: Ratiba, mitaala na mihtasari ya vikao vikae kwenye hifadhi moja ya pamoja. Alama zipewe hifadhi ya pamoja ya peke yake, yenye wahusika wachache.

Hatua ya 3: Gaweni ruhusa: kutazama, kutoa maoni, kuhariri. Msiweke "yeyote mwenye kiungo" kwenye alama. Kiungo kikishaingia WhatsApp hakina mlinzi tena.

Hatua ya 4: Faili liwe moja. Sisi tulikuwa na "ratiba mpya", "ratiba mpya 2" na "ratiba ya mwisho kabisa", na kila mtu akifuata yake. Sasa kipindi kikihamishwa, nafungua historia ya matoleo, naona nani kakihamisha na saa ngapi, na kama ni kosa narudisha toleo la awali.

Hatua ya 5: WhatsApp iwe ya kuitana tu. Tumeni kiungo, si faili. Kwa matangazo ya wanafunzi napendelea chaneli ya WhatsApp, ambako wafuasi hawaoni namba za wenzao, maana kwenye kundi kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na kuna mabinti wamesumbuliwa kwa njia hiyo.

Maswali ya wanachama

Mkuu, kwetu mtandao unakatika kila mara. Tufanyeje?
– Ukiwa bado hewani, washa matumizi ya nje ya mtandao kwenye Chrome. Utaandika kama kawaida, na mtandao ukirudi mabadiliko yatapanda yenyewe.

Nimefuta muhtasari wa kikao bahati mbaya. Umepotea?
– Angalia kwenye taka. Faili hukaa humo siku 30, kisha hufutwa lenyewe. Nenda leo.

Mkuu wa idara anasema barua pepe inatosha.
– Usibishane naye, ndugu. Anza na ratiba peke yake. Siku atakapouliza ipi ndiyo sahihi, mpe kiungo.