SOMO: Kupunguza makorokoro nyumbani kwa mzazi bila kugombana naye (soma lote kabla ya kuuliza)

Tangu niliposimulia habari ya stoo ya mama yangu, haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Dada, mama yangu hatupi kitu, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika yote hapa mara moja, na mwingine akiuliza mwelekezeni huku.

Kwanza mjue nilichokuwa nacho mbele yangu. Nyumba ya vyumba vinne, Temeke. Mama ana miaka 74, anaishi na mjukuu mmoja. Stoo ilikuwa haifunguki zaidi ya kupitisha bega. Chumba cha wageni unakwenda ubavu ubavu mpaka kitandani, na kitandani kuna magodoro matatu yamepandana. Madumu yasiyo na vifuniko, majiko ya mchina manne ambayo hakuna linalowaka, tivii za chogo mbili, viroba vya nguo, makopo ya maziwa ya unga. Na mifuko ya rambo, mamia, kila mmoja umekunjwa pembetatu kama sambusa na kupangwa ndani ya ndoo. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Yeye akiba yake ilikuwa ya kabla ya hapo, na aliitunza.

Kabla ya kushika kitu, jiulize mzazi wako alilea watoto mwaka gani. Mama yangu mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa na watoto watatu wadogo. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, nchi haina fedha za kigeni, maduka matupu. Foleni ya sukari duka la kaya ilianza alfajiri. Sabuni ya mche ilikatwa vipande vigawiwe jirani. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na tukashukuru. Mtu aliyepita hapo, kopo kwake ni kipimo cha mchele, ni kata ya maji, ni koroboi umeme ukikatika. Ukiliita takataka mbele yake umemtukana, hata kama hukukusudia.

Haya, hatua.

1. Vaa glavu, barakoa na viatu vya kufunika vidole. Nge na panya wanapenda humo.

2. Mwombe ruhusa, na siku ya kazi achague yeye.

3. Anzeni na njia: mlango, korido, jiko, swichi kuu ya umeme. Usianze na stoo. Mzee akijikwaa usiku akavunjika nyonga, stoo safi haimsaidii. Mama alikubali hili haraka kwa sababu hatukutoa kitu nje, tulisogeza tu.

4. USITUPE KITU CHAKE AKIWA HAYUPO. Hapa ndipo nilipoharibu, na naandika kwa urefu ili wewe usiharibu. Mwaka wa kwanza mama alisafiri kwenda Tanga kwenye arobaini ya mdogo wake. Nikasema hii ndiyo nafasi. Nikakodi kirikuu, vijana wawili, tukabeba safari mbili siku moja. Nilipaka rangi, nikaweka pazia jipya, nikakaa nikisubiri afurahi. Aliporudi hakusema neno. Aliingia stoo, akatoka, akauliza: "Kopo langu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli liko wapi?" Ndani ya kopo lile kulikuwa na leseni ya makazi ya nyumba ile ile tuliyosimama ndani yake, cheti cha kifo cha baba, na fulana ndogo ya mtoto wake aliyefariki akiwa na miezi minane kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilikuwa sijui hata kwamba mtoto huyo aliwahi kuwa na nguo iliyobaki. Kesho yake nilimkuta kwenye ghuba la taka, amejifunga kanga kiunoni, anachokoa kwa fimbo. Alikuwa na miaka 71. Nilimshika mkono akautoa.

Kwa hiyo: usimsafirishe ili usafishe. Usitumie msiba, hija, wala kulazwa hospitali. Usimwambie "nimeweka mahali pazuri" wakati umetupa. Usichome moto chochote kabla hajakiona. Na ujue ukifanya hivyo vitu vitarudi: ndani ya miezi minne stoo ilijaa kuliko mwanzo, safari hii na kufuli, na funguo alilala nayo.

5. Fanyeni kidogo kidogo, kwa mkono wake. Mara ya pili tulitumia miezi saba. Kila Ijumaa boksi moja, yeye kwenye kigoda, mimi chini kwenye mkeka. Namkabidhi kitu kimoja, anakishika, anasema. Mafungu matatu tu: kinakaa, kinakwenda kwa mtu, kinatoka. Fungu la pili ndilo linalofungua mkono. "Tupa" lilimkaza, "mpe mama ntilie wa pale kona, ndoo zake zimepasuka" lilimlegeza. Siku akikataa vyote, kunyweni chai, mfunge boksi. Siku hiyo haijapotea, maana amekubali boksi lifunguliwe.

6. Karatasi zote zipitiwe moja moja. Vitabu vya dini vipekuliwe kurasa zote, mifuko ya makoti, mito, chini ya magodoro.

7. Vyombo vilivyotuama maji vimwagwe NA VISUGULIWE. Mbu anayeeneza dengue hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji. Ukimwaga tu, mvua ijayo wanatoka. Tunakumbuka Dar ya 2019. Mimi nilitumia brashi ngumu na sabuni, ndani mpaka kwenye ukingo. Matairi ya zamani yaondoke kabisa.

8. Kinachotoka kitoke siku hiyo hiyo. Kikilala barazani, asubuhi kimerudi ndani.

9. Kabla ya kuleta kipya, ulizeni kitakaa wapi.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Dada asante. Mimi nina mpango wa kumpeleka bi mkubwa Morogoro kwa dada yake wiki moja, nisafishe kila kitu arudi akute pamenyooka. Kuna ubaya?

JIBU: Soma hatua ya 4.

Kijana wa Mbagala: Nimeisoma, ila mama yangu hana nyaraka muhimu stoo.

JIBU: Hata mimi nilikuwa na hakika hiyo hiyo. Kama una wiki ya likizo, itumie kukaa naye. Mkifungua maboksi manne pamoja ni kazi kubwa.

Mzalendo Halisi: Ndefu mno. Fupisha kwa mistari mitatu.

JIBU: Hatua nyingine nimezipa mstari mmoja mmoja. Zilizobaki ndefu zina sababu.

Binti Lushoto: Shikamoo dada. Nina swali kidogo gumu. Je, huu ni ugonjwa au ni tabia tu? Mama yangu akikuta hata kifuniko cha chupa njiani anaokota. Nikigusa vitu vyake anatetemeka kabisa, si hasira, anatetemeka.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, asante kwa kuangalia kwa makini. Kutunza vitu peke yake si ugonjwa. Bibi zetu wengi ni waangalifu tu, vitu vyao vimepangwa na vinatumika. Lakini upo ugonjwa wa kulimbikiza vitu, na unatambuliwa rasmi. Madaktari wa akili Marekani waliuweka kwenye kitabu chao cha magonjwa mwaka 2013 kama ugonjwa unaojitegemea, na uko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Dalili ni hizi: kuachana na kitu kunamtesa hata kama kitu hakina thamani, vyumba vinajaa mpaka havitumiki kwa kazi yake (kitanda hakilaliki, jiko halipikiki), na maisha yanaharibika kwa ajili hiyo. Mara nyingi huanza ujanani polepole na huzidi uzeeni, na kufiwa kunaweza kuuongeza. Msaada mkuu ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu, mtu akifundishwa kuamua na kuvumilia maumivu ya kuachilia.

Jambo moja zaidi. Kama hakuwa hivyo zamani na ameanza uzeeni ghafla, hasa kama pia anasahau majina au anapotea njia, mpeleke akapimwe, inaweza kuwa akili inaanza kuchoka kwa ugonjwa mwingine. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili, na Muhimbili wapo. Mwambie mnakwenda kuangalia usingizi na mapigo ya moyo, na siyo uongo, maana mtu anayetetemeka hivyo halali vizuri. Uje unieleze, tafadhali.

Sauti ya Pwani: Mnatuletea magonjwa ya Wazungu. Mama zetu ni wabanaji matumizi. Na wewe kumwanika mzazi wako hivi ni aibu.

JIBU: Kaka, nilimsomea kabla ya kuandika. Sentensi mbili alizokataa nimezitoa. Aliyoruhusu ndiyo haya, na habari ya fulana alisema niiache. Kama mama yako ni mbanaji tu na kitanda chake kinalalika, somo hili si lako.

Fundi Redio: Tivii za chogo usimpe mtoto avunje kutafuta shaba. Ile chupa ya mbele ikipasuka inaruka vipande, na kioo chake kina madini ya risasi. Mpe fundi, bado tunatoa vipuri humo.

JIBU: Ubarikiwe fundi. Zile mbili zilikwenda kwa fundi wa mtaani, mama mwenyewe akambebesha mjukuu.

Mama Wawili: Majiko ya mchina na vyuma mliuza?

JIBU: Kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Mama asimamie upimaji mwenyewe na hela apewe mkononi yeye. Usijifanye dalali wa vitu vya mzazi.

Mtumishi wa Iringa: Kwetu tumekuta noti za zamani ndani ya Biblia ya marehemu babu, za elfu kumi na elfu tano. Zinabadilishwa wapi?

JIBU: Kama ni zile zilizotolewa 1985 hadi 2003, Benki Kuu ilizibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, baada ya hapo si fedha halali tena. Pole. Wekeni kama kumbukumbu ya babu.

Ndugu wa Mombasa: Kwetu ni hivyo hivyo, elfu moja za zamani mwisho wake ulikuwa Septemba 30, 2019. Shangazi alikuwa amezishona kwenye mto.

Bint Muscat: Asalaam alaykum. Nimesoma nikalia. Sisi tulio Oman ndio tunaomjazia mama. Kila mwaka maboksi Unguja: mablanketi, hotpoti, seti za vikombe. Hajatumia hata kimoja, anasema ni vya wageni. Nikiacha kutuma ataona nimemtupa?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Usikate ghafla. Mwulize kwa simu: "Mama, safari hii nikuletee nini kinachokwisha?" Udi, kahawa, tende, halua, nauli ya kwenda kwa ndugu zake. Na ukija, toa wewe zile hotpoti zitumike siku ya kwanza, ule humo naye. Mama yangu vikombe vya wageni vilitoka shokesini siku nilipomwambia mgeni ni yeye. Alininyamazia kidogo, halafu akamimina chai.

Kijana wa Mbagala: Dada samahani kwa jana. Nimeongea naye, amesema nianze na uvungu wa kitanda, ila Jumamosi na yeye akiwepo. Swali la mwisho: lile kopo mlilipata?

JIBU: Hapana. Tulizunguka maghuba matatu. Leseni tulifuatilia tukapata nyingine, cheti cha kifo vilevile, kwa usumbufu na nauli nyingi. Fulana haikupatikana. Uvungu ni mahali pazuri pa kuanzia, chukua tochi na ufagio wa chelewa, na umwulize kila kitu kabla hujakivuta. Sisi Ijumaa hii tunafungua sanduku lake la bati. Ameahidi, na funguo ataleta yeye.