Mtoto Yuko Doha, Unga Uko Kwenye Beseni: Namna Ninavyoushika Moyo Wangu

Usiku wa tarehe 23 Juni 2025 nilikuwa nimeshatia udhu, nangoja adhana ya Isha kutoka Msikiti wa Mandhry, simu ikaanza kutetema juu ya kabati. Iran imerusha makombora kwenye kambi ya Wamarekani ya Al Udeid, kule Qatar. Mwanangu wa pili yuko Doha, mlinzi wa maduka, analala chumba kimoja na vijana watano. Kwenye kikundi cha familia tayari ishaingia video ya anga inamweka kama fataki za harusi. Nikampigia, haiingii. Nikampigia tena, haiingii.

Hapa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba nyingi zina mtu Uarabuni, na tangu usiku ule wenzangu huniuliza nilifanyaje nikatulia. Wallahi sikutulia. Ila nina utaratibu ambao nimeupata kwa taabu, na ndio huu nawaandikia, hasa nyinyi mama zangu na dada zangu mnaoamka saa tisa za usiku kuangalia kama mtu alikuwa "online".

Nianze na nilivyoharibu. Mimi huuza mahamri na mbaazi asubuhi, na unga huukanda usiku baada ya Isha, kilo mbili. Usiku ule nilikanda mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu. Nikatia hamira kwenye tui lililotoka motoni sasa hivi, macho yangu yako kwenye video. Hamira ikafa. Alfajiri naufunua unga, umelala vile vile kama jiwe la kusugulia miguu. Wateja wangu wa asubuhi wakaondoka bila kitu, na mwanangu hakufaidika chochote kwa mimi kuitazama ile video mara ishirini. (Alipiga mwenyewe karibu na saa sita usiku. "Mama, mmekula?" Ndilo swali lake la kwanza, mtoto yule!)

Basi la kwanza ni hili: zipe habari saa zake. Mimi huziangalia mara mbili kwa siku, baada ya Adhuhuri na baada ya Isha, robo saa. Zaidi ya hapo simu iko kabatini. Kama unaogopa kumkosa mtoto akipiga, mwambie kijana wa nyumbani akuwekee mlio wa peke yake kwa nambari ya mwanao, na vikundi vyote uvizime sauti. Mjukuu wangu alinifanyia hivyo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Sasa simu ikilia nyingine siruki.

Halafu ikate siku vipande. Hili nililijua mwaka 2020, Ramadhani ile ya korona, misikiti imefungwa na mwezi Mei serikali ikafunga Mji wa Kale wenyewe, hakuna kutoka wala kuingia. Kwanza zilikuwa siku kumi na tano, zikaongezwa. Idi tukaswali ukumbini, mume wangu mbele, mimi na wasichana nyuma, mswala wa mwisho umeingia mpaka chini ya meza ya televisheni. Kila nikifikiria "mpaka lini?" kifua kilinibana. Mume wangu, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi na hajui kusema maneno mazuri, akaniambia: "Wewe ngoja Alasiri tu." Nikangoja Alasiri. Ilipofika nikangoja Magharibi. Siku nzima ya hofu siiwezi mpaka leo, lakini kutoka Adhuhuri mpaka Alasiri naiweza. Kwa hivyo swala usiichukulie kama kitu cha kumalizia ukishapata nafasi. Adhana ikilia, acha hapo hapo, hata kama habari imefika patamu. Ukirudi utaikuta, na mara nyingi utakuta ishabadilika.

Mikono nayo ipe kazi, na ulimi uupe hesabu. Bibi Fatma, binti wa Mtume, mikono ilimuuma kwa kusaga kwa jiwe, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Akafundishwa badala yake aseme anapokwenda kulala: Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu Akbar thelathini na nne. Nilikuwa nikiisikia hadithi hii tangu chuo cha Qur'ani na sikuwahi kufikiria ile mikono. Siku hizi hizo hesabu nazisema pia nikikanda. Kusukuma kwa kiganja, neno moja. Kukunja, neno jingine. Nikifika mia unga umeshaanza kulainika na kuachana na beseni, na mimi mabega yameshuka kidogo. Wewe kama huuzi mahamri, kuna ukili wa kusuka, kuna mchele wa kuchagua, kuna nguo za kufua kwa mkono. Mashine ya kufua haifai kwa kazi hii, inakuacha umesimama na mawazo yako.

Sasa uvumi. Usiku ule uliingia ujumbe wa sauti, mwanamke analia, anasema bweni la wafanyakazi limepigwa, sambazeni tuwaombee. Kumwombea mtu ni jambo jema, lakini Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuambia tukiletewa habari na mpotovu tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mimi nilimjibu aliyenitumia maswali matatu tu: nani amesema, yuko wapi, ameona lini? Hakujua hata moja. Yeye aliletewa na shemeji yake, shemeji aliletewa na mtu. Nikakomea nao hapo, sikuutuma mbele. Hakuna aliyekufa Qatar kwa makombora yale, na anga yao ilifunguliwa tena usiku huo huo. Fikiria kina mama waliolala na ule ujumbe.

Nakuja kwenye jambo ambalo watu hulikosea zaidi, nalo ni kulia. Kuna mama alinikemea, eti machozi ni upungufu wa imani, mtu wa tawakkul, yaani anayemtegemea Mwenyezi Mungu, hukaa kimya. Mwenye kusema hivyo amsome Nabii Yaakub. Alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Watoto wake walipomlaumu akawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Hakukataa kwamba ana huzuni, alichagua tu pa kuipeleka. Na aya inayofuata hapo hapo, mzee huyo huyo kipofu anawaambia wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na faraja ya Mwenyezi Mungu. Mimi hapo huwa nasimama. Amelia, kisha amewatuma watu barabarani. Nikikosa matumaini huwa sijiulizi tena kama imani yangu ni kubwa au ndogo. Najiuliza: leo nimemtuma nani, nimetafuta nini?

Kwa hivyo lia kwenye sijida, huko hakuna wa kukuangalia, kisha nyanyuka ufanye la kufanya. Mtume alimwambia mtu mmoja amfunge ngamia wake, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Ngamia wangu ni bahasha ya plastiki iliyo chini ya mtoto wa meza. Ndani kuna nakala ya paspoti ya mwanangu, jina la kampuni yake na mahali inapopatikana, nambari ya ubalozi wa Kenya ulioko Doha, nambari za wenzake wawili wa chumba kimoja, na pesa ambazo haziguswi hata wa nyumbani akitaka viatu. Tumekubaliana pia na yeye: likitokea lolote, asihangaike kupiga, atume neno moja tu, "mzima". Neno moja hupenya hata mtandao ukiwa mzito. Haya yote yalinichukua Jumamosi moja, na sikuwahi kuyafanya kwa miaka mitatu aliyokaa kule. Nilikuwa naomba dua tu huku ngamia anazurura.

Dua nayo iwe na jina na jambo. Usiombe "amani ya dunia" halafu uondoke. Omba fulani afike kazini salama leo, mwenye nyumba wake asimpandishie kodi, yule mwenzao mwenye kikohozi apone. Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni Mkamba, Mkristo, bintiye anafanya kazi za nyumbani Riyadh. Usiku ule wa Juni alishuka na kanga yake mabegani akakaa nami jikoni. Yeye aliomba kwa njia yake, mimi kwa yangu, kisha akanisaidia kuosha mbaazi. Ukiwa na mtu kama huyo, mgongee mlango kabla hujazidiwa.

Na siku moyo ukiwa mkavu, dua haitoki, Qur'ani unaisoma kama unasoma risiti? Zipo. Mimi siku hizo husoma sura ya Alam Nashrah peke yake, aya nane, kwa sababu ina ile ahadi kwamba pamoja na uzito upo wepesi, na imesemwa mara mbili. Sijilazimishi kuhisi kitu. Nasoma, nafunga, naenda kupima unga.

Jana habari za Ghuba zilichafuka tena. Robo saa yangu ilipoisha niliirudisha simu kabatini nikawasha jiko. Nikachemsha tui na iliki, nikaliipua, nikaliacha. Nikatumbukiza kidole kidogo. Bado moto. Nikasema Subhanallah mara kadhaa, nikatumbukiza tena. Lilipokuwa vuguvugu ndipo nikatia hamira.