Kanula ya kichanga: ibandike uione, iguse kila saa

Manesi wenzangu, kanula ya mtoto mchanga, yaani kile kimrija cha plastiki kinachoingia kwenye mshipa kupitisha dripu na dawa, haiharibiki ghafla, inaanza kidogo kidogo huku sisi tumeizungushia bandeji na tunasikia tu pampu ya dripu inaenda vizuri.

1. Nawa mikono. Hata kama unagusa mrija tu, na glavu si mbadala.

2. Kubandika. Hapa ndo tunaharibu wengi. Weka plasta ya kuonyesha ngozi, pale kanula inapoingilia paonekane bila kubandua kitu. Kibao cha kutuliza mkono sawa, ila acha vidole nje na plasta isizunguke mkono mzima kama bangili maana ukivimba inabana damu. Na kama ulifunga kipande cha glavu kutafuta mshipa, kifungue kabla hujafunika na shuka, msicheke, kinasahaulika! Andika tarehe na saa.

3. Dripu ikiwa inaenda, kila saa moja funua shuka: tazama, gusa, linganisha na mkono wa pili. Umevimba? Wa baridi? Ngozi imekaza, panavuja? Kwa ngozi nyeusi wekundu unachelewa kuonekana kwa hiyo vidole vyako viamini zaidi, na pampu usiitegemee kabisa, itasukuma dawa ndani ya nyama na alamu isilie. Mama naye muonyeshe cha kuangalia, yeye ndo yuko hapo muda wote.

4. Kabla ya dawa sugua mdomo wa kanula na pamba ya spiriti sekunde 15, iache ikauke, kisha flashi, yaani safisha kanula kwa kusukuma normal saline (maji ya chumvi) nusu mpaka mililita 1, taratibu. Ikigoma usilazimishe. Mtoto akilia kila ukisukuma, hiyo ni taarifa. Kalsiamu, dopamini (dawa ya kupandisha presha) na dextrose kali (maji ya sukari) kaa nazo macho, zikitoka nje ya mshipa zinaunguza ngozi, na dextrose ya kuzidi asilimia 12.5 haipiti mshipa mdogo wa mkononi.

5. Pamevimba? Funga dripu kwanza, usiflashi, usichue. Kama ni hizo dawa kali usikimbilie kuchomoa, vuta kwa sirinji kilichobaki ndani ya kanula, nyanyua mkono, chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, ita daktari.

6. Kanula ya mtoto inayofanya kazi vizuri haibadilishwi eti kwa sababu siku tatu zimefika. Ila kila raundi ulizeni kama bado ina kazi, ananyonya vizuri na dawa zimehamia mdomoni basi itoeni hapohapo, msisubiri shifti inayokuja.