Jinsi ya Kuielewa Skizofrenia Unapoanza Zamu za Wodini

Mwanafunzi wa uuguzi anayepangiwa zamu yake ya kwanza katika wodi ya magonjwa ya akili, iwe Butabika jijini Kampala au katika hospitali ya rufaa ya Arua, kwa kawaida huwa amekwisha kuzikariri dalili zote za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na hisia; linalomshinda ni kumsikiliza mgonjwa mmoja kwa nusu saa na kuandika alichokisikia.

Kwanza ondoa dhana kwamba mgonjwa ana nafsi mbili. Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi aliyelitumia jina skizofrenia mwaka 1908, alikuwa na maana ya kuachana kwa fikra, hisia na utashi ndani ya mtu yule yule.

Unapoandika, usiishie kwenye “ana imani potofu”. Andika maneno yake: “Jirani amefunga redio juu ya bati langu, inasoma mawazo yangu.” Usimbishie, wala usimkubalie, mwambie kuwa unaona jinsi jambo hilo linavyomtisha. Akisikia sauti, uliza ni ngapi, zinazungumza naye au zinamsema, na kama zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine. Akijibu ndiyo kwa hilo la mwisho, toa taarifa papo hapo.

Tatizo ambalo halisemwi sana ni la lugha. Mgonjwa anaongea Kilugbara, ndugu anayemuuguza anakutafsiria kwa Kiswahili, na kwa kumwonea haya ndugu yake anayanyoosha maneno yaliyovurugika, nawe unaandika kwamba mazungumzo yana mtiririko mzuri. Mwombe atafsiri neno kwa neno, hata pasipo na maana.

Dalili za upungufu, yaani kunyamaza, kutooga, uso usioonyesha furaha wala huzuni, hazipigi kelele, na nyumbani huitwa uvivu. Mimi huziulizia mapema, kwa sababu familia haizitaji.

Usikimbilie jina la ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa unataka dalili zidumu angalau mwezi 1, na ule wa Marekani miezi 6. Kabla ya hapo, malaria kali, VVU, kaswende, kifafa, pombe na bangi vyote vichunguzwe, hasa pale kuchanganyikiwa kulipoanza ghafla.

Dawa nazo zina dalili zake. Mgonjwa aliyechomwa jana sindano ya haloperidol, dawa ya kutuliza sauti na imani potofu, anaweza kuamka shingo imepinda na macho yametazama juu, huku ndugu wakisema amepandwa na pepo. Hayo ni madhara ya dawa, na hutulizwa kwa dawa kama triheksifenidili atakayoiandika daktari. Dhara la dawa lililo la hatari zaidi ni homa inayokuja pamoja na kukakamaa kwa mwili, jasho na kuchanganyikiwa. Kwa kuwa kwetu homa huitwa malaria kabla hata ya kipimo, ni rahisi kuipita. Pima joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, mwite daktari mara moja, na dozi inayofuata isitolewe mpaka amwone.