Boksi la kilo 6 linalolipiwa kilo 20: kabla hujamtajia mteja wa nje bei ya kutuma

Wadau wa vikapu, batiki na vinyago mnaopata oda za nje, hii ni yenu. Mteja wa Ulaya akikuuliza "na kutuma ni shingapi?" usimjibu papo hapo, mwambie subiri kidogo alafu tafuta futi kamba. Mimi nilijibu papo hapo, nikakadiria kwa macho, na boksi la vikapu vya Iringa lililosoma kilo 6 kwenye mzani nikaja kudaiwa la kilo 20. Faida yote ya ile oda ikaishia hapo.

Iko hivi. Kampuni za vifurushi vya haraka kama DHL, FedEx na UPS zinaangalia vitu viwili, uzito wa mzani na ukubwa wa boksi, na wanakutoza kile kikubwa. Ukubwa unaupata kwa urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, alafu unagawanya kwa 5000. Boksi langu lilikuwa 50 kwa 50 kwa 40, zidisha hapo unapata 100,000, gawanya kwa 5000 ni kilo 20 kamili. Milulu, yale majani ya kusukia vikapu, ni nyepesi kama nini lakini inakula nafasi, na ndege inauza nafasi. Mawakala wa mizigo ya kawaida ya ndege mara nyingi wanagawanya kwa 6000, kwa hiyo boksi lilelile huko linahesabiwa kilo 16 na ushee. Ndo maana kabla ya kuuliza bei ya kilo uliza kwanza wanagawanya kwa ngapi.

Dawa yake ni kupachika. Ongea na akina mama wanaosuka wakutengenezee seti, kikubwa, cha kati na kidogo vinavyoingia ndani kwa ndani, na lile tundu la katikati usijaze magazeti, weka batiki au kanga ambazo ungezituma hata hivyo, alafu boksi likate lishuke mpaka liguse mzigo. Mzigo wangu uleule ungeingia kwenye 45 kwa 45 kwa 30, hiyo inatoka 12.15, wao wanapandisha mpaka nusu kilo inayofuata, unalipa 12.5. Ila angalia lisitoke kitambi! Wanapima pale lilipovimba zaidi, na likivimba kila kipimo kikaongezeka sentimita 3 tu unarudi kulipa 15.5. Mashine za kule kwenye vituo vyao vikubwa zinapima upya, bili ya tofauti inakufuata baadaye, saa nyingine mteja keshapokea na pesa yake ushaila.

Juu ya hiyo bei kuna vinyongeza ambavyo kwenye simu hakuna anayekutajia mpaka uulize. Kuna nyongeza ya mafuta, hii inakuja kwa asilimia na inabadilika badilika, kuna ya kupeleka sehemu za mbali na mji, kuna ya kurekebisha anwani ukikosea. Omba wakuandikie bei ya mwisho yenye kila kitu, ya maandishi, na iwe ya tarehe unayotuma. Namba ya simu ya mteja na msimbo wake wa posta usiache hata siku moja, ni vitu vidogo ila vinalipisha.

Sasa mlangoni kwa mteja, hapa ndo wengi tunaharibu biashara kabisa. Tukishalipa kutuma tunaona yameisha, kumbe serikali ya kule nayo inasubiri VAT. Ulaya tangu tarehe 1 Julai 2021 hakuna tena kale kamsamaha ka vifurushi chini ya euro 22, VAT inaanza na senti ya kwanza, na Ujerumani ni 19%. Uingereza ni 20%. Chukua mfano vikapu vya pauni 140 na kutuma pauni 60, VAT haihesabiwi kwenye 140 peke yake, inahesabiwa kwenye 200 nzima, kwa hiyo mteja anadaiwa pauni 40, alafu aliyeleta kifurushi naye anaweka ada yake ya kumlipia kwanza. Mteja hajaambiwa chochote, anakuona tapeli. Kwa mzigo wa pauni 135 kushuka chini Uingereza imeweka utaratibu mwingine, VAT inatakiwa ikatwe na muuzaji wakati wa kuuza, au na lile soko la mtandaoni kama umeuzia huko.

Ushuru wa forodha ni kitu kingine, usiuchanganye na VAT. Tanzania bado tuko kwenye kundi la nchi ambazo Ulaya na Uingereza zinapokea bidhaa zake bila ushuru, ila hiyo haiji yenyewe, lazima kwenye invoisi uweke tamko kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania. Kwa Ulaya mzigo usiozidi euro 6000 unaandika mwenyewe bila kusajiliwa popote, maneno ya hilo tamko yamepangwa, muombe wakala akupe uyanakili kama yalivyo. Na ile tabia ya kuandika "zawadi" kwenye mali ya kuuza, acha. Wakifungua wakakuta vikapu 12 vinavyofanana hiyo ni zawadi ya nani?

Mteja akikataa kulipa ndo utajua hujui. Mimi wa Ujerumani alikataa, nikapewa machaguo mawili, nilipe nauli ya kurudisha au mzigo uteketezwe, na huku kila siku inayopita kuna hela ya kuhifadhi. Ukiurudisha Dar napo uwe na karatasi za siku ulipoutoa, la sivyo utahesabika umeagiza mali kutoka nje. Kwa hiyo mwambie mteja mapema, kwa maandishi, mlangoni utadaiwa takriban kiasi fulani. Au chagua huduma ya DDP ambayo kodi unalipa wewe mtumaji, ila hiyo nayo ina ada yake, iingize kwenye bei ya kikapu.

Marekani zamani ilikuwa raha, kifurushi cha mpaka dola 800 kinapita bila ushuru. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 hakuna tena, kwa nchi zote, na mwezi huohuo posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda vifurushi vya kwenda huko. Bei uliyompa mteja wa Marekani kabla ya hapo ifute, anza upya.

Wa vinyago vya mpingo, huu mti uko tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya miti na wanyama walio hatarini. Bidhaa iliyokamilika haihitaji kibali chake kama mbao yenyewe kwenye mzigo mmoja haizidi kilo 10, kwa hiyo kinyago kikubwa kinaweza kukulaza forodhani wakati vidogo vinapita.

Na bima kata, haswa kwa vikapu. Bila bima fidia ya mzigo wa ndege ukipotea ina kikomo kinachohesabiwa kwa kilo, na hapo wanatumia kilo za mzani. Kulipa ulilipa za 20, kufidiwa ni za 6.