Zuia udongo wa mjengo usiishie Malindi

Udongo unaosombwa na mvua kwenye ploti ya Kileleshwa huingia kijito cha Kirichwa, kisha Mto Nairobi, kisha Athi. Athi ukishaungana na Tsavo huitwa Galana, na karibu na pwani ni Sabaki, unaomwaga matope yake kaskazini mwa mji wa Malindi. Hapo matumbawe hufunikwa na nyasi bahari hukosa mwanga. Udongo mwingi zaidi hutoka mashambani, kweli, lakini wa mjengo una mwenyewe anayejulikana.

Mvua za vuli ndizo za kujihadhari nazo zaidi. Kufikia Desemba kaskazi imeshika, na husukuma matope kusini, hadi kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi iliyotengwa mwaka 1968. Kusi huyapeleka upande wa pili. Basi uzio wa matope, yaani kitambaa kinachosimamishwa kuzuia udongo huku maji yakipenya, uwe umesimama kabla ya Oktoba.

Chimba mtaro wa sentimita 15 kwenda chini na 15 upana, upande wa chini wa ploti, ukikatiza mteremko kwa usawa mmoja. Simamisha vigingi kila mita 2 au pungufu. Funga kitambaa cha jeotekstaili (kitambaa imara cha ujenzi kinachopitisha maji) upande maji yanakotoka, kisimame sentimita 60 juu ya ardhi, na pindo la chini lilale ndani ya mtaro. Fukia, shindilia kwa miguu. Ncha mbili za uzio zipinde kuelekea upande wa juu wa mteremko, la sivyo maji yatazunguka pembeni.

Uzio mwingi huharibika kwa sababu moja: fundi hakufukia pindo, maji yakapita chini. Wengine huuweka katikati ya mfereji, ukang'oka mvua ya kwanza. Magunia ya plastiki usitumie; jua huyachanachana, na vipande vyake navyo husafiri na maji.

Matope yakifika theluthi ya kimo, yazoe, uyaweke mbali na mtaro wa barabara.

Udongo mweusi wa Embakasi ni habari nyingine. Chembe zake ni ndogo mno, huelea na kupenya kitambaa. Dawa yake ni kuufunika: turubai juu ya kila rundo, ukingo ukandamizwe kwa mawe, na sehemu iliyokwisha kusawazishwa ipandwe nyasi mara moja. Maji ya kuoshea mashine ya zege yamwagwe kwenye shimo lililotandikwa nailoni nzito, kwa kuwa simiti huyafanya makali kiasi cha kuua samaki. Yakikauka, vunja mabaki, yatumie kujazia.