Kuwatafutia ndugu gesti ya bei nafuu Dodoma

Anza na kalenda. Bunge la Bajeti likikaa, Aprili hadi Juni, vyumba vizuri hujaa na bei hupanda. Weka nafasi mapema.

Mtaa ufuate shughuli ya mgeni. Anayekuja kutibiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa au mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mtafutie upande wa Ng'ong'ona, maana bodaboda za kila siku kutoka mjini humaliza nafuu yote ya chumba.

Kakague mwenyewe, tena jioni, muziki wa baa za jirani ukianza. Fungua bomba la chooni: maji ya Dodoma huja kwa mgao, na selfu (chumba chenye choo na bafu ndani) isiyo na simtanki la akiba ni kulipia ndoo. Kagua matundu ya chandarua. Juni na Julai omba blanketi la pili, baridi ya usiku huumiza wazee.

Uliza saa ya kutoka. Nyingi ni saa 4 asubuhi. Na hili huwaumbua wengi: gesti nyingi hazipokei wanaume wawili chumba kimoja, hata baba na mwanawe anayemuuguza. Mweleze mhudumu kabla, na wote waje na vitambulisho. Lipia usiku mmoja kwanza, chukua risiti. Mgeni akilala vizuri, lipia siku zilizobaki.